Mteja wa Kimoja na Mteja wa Gunia: Kupanga Bei ya Jumla Katika Duka la Mtandaoni

NIA YA SOMO: Baada ya somo hili kikundi kitaweza kujua gharama halisi ya bidhaa yake, kugawa wateja kwa madaraja, na kuweka bei za madaraja hayo katika duka la mtandaoni bila kuwachanganya wateja.

MNACHOHITAJI: Daftari ya kikundi, kalamu, simu moja yenye WhatsApp, na bidhaa yenu moja mezani. Somo hili huchukua kama saa mbili. Mwenye kusoma vizuri awasomee wengine, na mweka hazina aandike hesabu ubaoni au kwenye karatasi kubwa.



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha akina mama kijijini kina duka lisilo na mlango wala kufuli. Picha za vyondo, asali au sabuni ziko kwa simu ya katibu, na mteja wa Nairobi au Mombasa anaagiza akiwa nyumbani kwake. Jambo hilo ni zuri. Lakini duka la namna hii limeleta shida ambayo soko la kawaida halina sana. Sokoni, kila mteja husikia bei yake peke yake. Kwa mtandao, bei ikiandikwa husomwa na wote: yule anayetaka kiondo kimoja cha kumpelekea mamake, na yule mwenye duka anayetaka ishirini vya kuuza tena.

Hapo ndipo vikundi hukwama. Kikundi kimoja huandika bei ya juu, na wenye maduka wanapita. Kingine huandika bei ya chini ili kuwavuta wenye maduka, na mwisho wa mwaka kinashangaa kwamba mali imetoka nyingi lakini pesa hazionekani. Kingine hakiandiki bei yoyote. Kila mtu huambiwa bei kulingana na vile anavyojuana na katibu. Njia hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaleta maneno, na maneno yamevunja vikundi vingi kuliko ukame.

Kuna kanuni moja tu ya kushika katika somo hili lote. Iandikeni juu ya ubao:

BEI YA CHINI NI MALIPO. Tunamlipa mnunuzi kwa kazi aliyotupunguzia. Kama hajatupunguzia kazi, hatuna cha kumlipa.

Tutatumia mfano wa kiondo cha katani, kwa sababu wengi wetu Ukambani na Mkoa wa Kati wa zamani tunakijua. Kikundi cha asali au cha kuku kinaweza kufuata hatua hizo hizo.

HATUA YA KWANZA: Kiondo kimewagharimu ngapi?

Hesabu hii ni ya mfano tu. Bei ya katani si sawa kila mahali, kwa hivyo kila kikundi kiweke tarakimu zake.

- Katani: sh. 250
- Rangi, na kuni za kuchemshia: sh. 60
- Mikanda ya ngozi na kushonewa: sh. 150
- Kazi ya kusuka, saa 16 kwa sh. 50: sh. 800
- Mfuko wa kikundi (vitabu vya hesabu, lebo, kodi ya stoo): sh. 90
- JUMLA: sh. 1,350

Wengi huacha ule mstari wa nne. Wanasema, "Kusuka si kazi, tunasuka tukienda kuteka maji." Lakini saa kumi na sita ni saa kumi na sita, hata zikikatwa vipande vipande njiani. Katika Luka 14, Bwana Yesu anatukumbusha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Mtu huyo akihesabu mawe na kusahau mafundi, mnara hautaisha.

Sasa tuone ni nani anayeumia hesabu ikiachwa. Tuseme broka anakuja na kusema, "Mimi nachukua vyote kwa sh. 1,200." Katani ilishalipwa. Rangi ilishalipwa. Fundi wa ngozi hangoji. Zile sh. 150 zinazopungua zitatoka wapi? Zitatoka kwa zile 800 za msukaji, kwa maana yeye ndiye wa mwisho kulipwa. Atabaki na sh. 650. Kwa maneno mengine, yule mama ametoa punguzo kutoka mfukoni mwake na kumpa mtu ambaye hata hamjui.

HATUA YA PILI: Kuuza nako kunagharimu ngapi?

Kutengeneza ni gharama moja. Kuuza ni gharama nyingine. Hii ya pili ndiyo inayobadilika kati ya mteja wa kimoja na mteja wa gunia.

Kuuza kiondo kimoja kwa mtandao:
- Karatasi na kamba ya kufungia: sh. 50
- Nauli ya kupeleka mzigo kwa ofisi ya basi: sh. 200
- Bando, na muda wa kujibu maswali ya mteja: sh. 150
- Ada ya malipo na hasara ndogo ndogo: sh. 50
- Jumla: sh. 450

Ukiongeza 1,350, kiondo hicho kimoja kinasimama sh. 1,800.

Kuuza vyondo 20 kwa mtu mmoja ni gunia moja, safari moja, risiti moja na mazungumzo ya simu mara mbili au tatu. Tuseme yote ni sh. 1,000. Gawanya kwa 20, unapata sh. 50 kwa kila kiondo. Kwa hivyo kila kimoja kinasimama sh. 1,400.

Angalieni tofauti: 1,800 toa 1,400 ni sh. 400. Hizo sh. 400 ndizo kazi ambayo mwenye duka amewapunguzia. Tena yeye analipa kodi ya duka, anaweka mali yenu rafuni, na anaweza kukaa nayo miezi kabla haijauzwa. Ndiyo sababu anastahili bei ya chini. Si kwa sababu ana gari, wala kwa sababu anajua kusema.

HATUA YA TATU: Wapangeni wateja kwa madaraja

Anzeni na madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni mteja wa kawaida, anayenunua kimoja hadi 4. Bei sh. 2,400.

Daraja la pili ni mteja wa shughuli: kamati ya harusi, ofisi inayotafuta zawadi, chama cha akina mama wa kanisa lingine. Anachukua 5 hadi 19. Bei sh. 2,100.

Daraja la tatu ni mwenye duka, anayenunua ili auze tena, kuanzia vyondo 20. Bei sh. 1,750.

Sasa tazameni faida. Daraja la kwanza, 2,400 toa 1,800, ni sh. 600 kwa kimoja. Daraja la tatu, 1,750 toa 1,400, ni sh. 350. Mtu wa haraka atasema, "Basi tuuze rejareja pekee." Lakini faida ya vyondo 20 vya rejareja, ambayo ni sh. 12,000, inataka safari 20 na wateja 20, na huenda ikachukua miezi mitatu. Ile ya jumla, sh. 7,000, inakuja kwa siku moja, pamoja na pesa za kununua katani ya mwezi ujao. Kikundi kinahitaji yote mawili, kama vile shamba linahitaji mahindi na maharagwe.

Mtaona kwamba mwenye duka akinunua kwa 1,750 na kuuza kwa 2,400 anabaki na sh. 650. Msimwonee wivu. Asipopata nafasi ya kula, hatarudi.

HATUA YA NNE: Angalieni shimo katika ngazi

Hapa ndipo vikundi vingi huteleza bila kujua. Pigeni hesabu hii pamoja:

- Vyondo 17 kwa sh. 2,100 ni sh. 35,700.
- Vyondo 20 kwa sh. 1,750 ni sh. 35,000.

Yaani anayenunua 17 analipa zaidi ya anayenunua 20! Mteja akigundua, atadhani mmemdanganya. Dawa yake ni kuongeza kidato katikati, ili bei ishuke polepole:

- Kimoja hadi 4: sh. 2,400
- 5 hadi 9: sh. 2,100
- 10 hadi 19: sh. 1,900
- 20 na zaidi, kwa wenye maduka: sh. 1,750

Sasa jaribuni tena. Vyondo 9 ni sh. 18,900 na 10 ni sh. 19,000. Hapo ni sawa. Anayebaki ni mtu wa 19 tu, ambaye angelipa sh. 36,100. Kama ni mwenye duka, mwambieni wazi, "Ongeza kimoja, utalipa kidogo kuliko hivyo." Mithali 11:1 inasema juu ya mizani ya hadaa na vipimo vya haki, na karatasi ya bei ni mizani pia.

HATUA YA TANO: Masharti ya bei ya jumla

Bei ya jumla bila masharti ni mlango bila bawaba. Kubalianeni katika mkutano, na katibu aandike katika kumbukumbu:

1. Kiwango cha chini. Vyondo 20 kwa kila oda. Rangi na ukubwa vinaweza kuchanganywa kama bei yake ni moja.

2. Malipo. Nusu kabla ya kuanza kusuka, na nusu kabla ya mzigo kuondoka. Pesa ziingie kwa nambari ya till au akaunti ya kikundi, si kwa simu ya mwenyekiti. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kutuma pesa kumekuwa rahisi, lakini pesa za kikundi zikichanganyika na za nyumbani, kuzitenganisha ni kazi.

3. Siku za kungoja. Vyondo 20 ni saa 320 za kazi. Hesabuni mna mikono mingapi kabla ya kuahidi. Afadhali kusema wiki nne na kumaliza kwa tatu.

4. Tarehe ya bei. Kila karatasi ya bei iandikwe inaanza lini na inaisha lini. Katani ikipanda, hamtafungwa na bei ya mwaka jana.

5. Uhuru wa mwenye duka. Msimlazimishe kuuza kwa bei fulani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza muuzaji kumwekea mnunuzi wake bei ya chini kabisa ya kuuzia tena. Mnaweza kumpendekezea bei, mkieleza wazi kwamba ni pendekezo tu.

HATUA YA SITA: Kuweka bei katika duka la mtandaoni

Kuna njia mbili ambazo kikundi cha kijijini kinaweza kutumia.

Njia ya kwanza ni WhatsApp Business. Programu hii ilianza kutolewa mwaka 2018, na kuipakua ni bure. Ina katalogi, yaani mahali pa kuweka picha, maelezo na bei. Bei mtakayoandika kwenye katalogi ndiyo kila mtu ataiona. Kwa hivyo andikeni bei ya rejareja, sh. 2,400, na chini yake muongeze: "Vyondo 5 au zaidi, bei inashuka. Wenye maduka, tuulizeni karatasi ya bei ya jumla." Karatasi hiyo itumwe kwa mmoja mmoja, baada ya kuuliza jina la duka na mahali lilipo. Msiitupe kwenye grupu. Kisha tumieni lebo za programu hiyo kumpa kila mteja alama: "Kawaida", "Shughuli", au "Duka". Hata katibu akibadilishwa, yule mpya atajua mara moja anaongea na nani.

Njia ya pili ni tovuti yenu wenyewe. Vikundi vilivyokua hutumia programu kama WooCommerce, inayofanya kazi pamoja na WordPress. Yenyewe peke yake haimpi kila kundi la wateja bei yake. Huongezewa programu-jalizi ya bei ya jumla. Kijana mnayemwajiri kuitengeneza, mwambieni afanye mambo manne:

(a) Aunde kundi la wateja linaloitwa "Duka", na bei yake iwekwe kando na bei ya kawaida.

(b) Mtu akijiandikisha kama mwenye duka asione bei ya jumla mpaka kikundi kimkubali.

(c) Oda ya kundi hilo isipite kama haijafika vyondo 20.

(d) Punguzo la sikukuu lisishike juu ya bei ya jumla.

Kazi ikiisha, msimlipe kabla ya kujaribu. Ingieni dukani kama mgeni, kisha muingie kama mwenye duka, na mwagize vyondo 4, 5, 9, 10, 19 na 20. Andikeni jumla mnayoona na mlinganishe na hesabu ya daftari. Pia nywila zote ziandikwe na kuwekwa na mweka hazina katika bahasha. Yule kijana akipata kazi mjini, duka lisiende naye.

Jambo lingine: majina na nambari za simu za wateja ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wenye biashara ndogo. Msimpe mtu orodha hiyo bila ruhusa ya wenyewe.

MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI

La kwanza, punguzo juu ya punguzo. Tuseme Desemba mnatangaza asilimia 20 kwa kila mtu. Mwenye duka anachukua asilimia 20 kutoka kwa 1,750 yake. Inabaki sh. 1,400, ile ile gharama yenu. Mmesuka, mmefunga, mmepeleka mzigo, na faida ni sufuri. Kila mteja apate punguzo moja tu.

La pili, kumshindania mteja wenu. Mkiandika sh. 1,750 kwa mtandao wazi, mteja aliye ndani ya duka la Nairobi atatoa simu yake, aione, na kukirudisha kiondo rafuni. Mwenye duka hatawalaumu. Ataacha tu kuagiza.

La tatu, bei ya jamaa. Shemeji wa mwenyekiti, mwalimu mkuu, na hata mchungaji, wote ni wateja wa daraja la kwanza wakinunua kimoja. Kama kikundi kinataka kumpa mchungaji kiondo, kimpe kwa moyo mweupe, na kiandikwe katika daftari kama zawadi. Kisiandikwe kama mauzo ya sh. 1,000. Zawadi haiharibu bei; mauzo ya uongo huiharibu.

MAZUNGUMZO YA KUSOMA PAMOJA

Wawili wasome kwa sauti. Mnunuzi amepiga simu; katibu anajibu.

MNUNUZI: Habari ya leo, mama? Nimeona vyondo vyenu kwa simu. Hiyo 2,400, bei ya mwisho ni ngapi?

KATIBU: Mzuri sana, karibu. Unataka vingapi, ndugu yangu?

MNUNUZI: Nianze na sita. Lakini mimi niko na duka, nitakuwa kastoma wenu wa kila siku. Niwekee ile ya jumla.

KATIBU: Tunashukuru. Sita ni sh. 2,100 kila kimoja. Ya jumla inaanzia ishirini.

MNUNUZI: Aai, mama! Si uniamini? Nitarudi.

KATIBU: Nakuamini, lakini bei si yangu, ni ya kikundi. Sita inataka safari yake, na ishirini ni safari hiyo hiyo moja. Chukua sita leo. Zikienda vizuri, uje na oda ya ishirini nitakutumia karatasi ya bei ya jumla siku hiyo hiyo.

MNUNUZI: Na huwezi kutoa hata mia moja?

KATIBU: Nikitoa hapa, nitamtolea nani aliyesuka? Lakini nitakuchagulia rangi vizuri, na mzigo utaondoka kesho asubuhi.

MNUNUZI: Haya basi. Nipe hiyo nambari ya till.

Mnaona kwamba katibu hakumkasirikia mnunuzi, wala hakubishana. Alijua hesabu yake, na karatasi ilimpa nguvu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Bidhaa yetu moja imetugharimu ngapi, tukihesabu na saa za kazi?
2. Ni nani kati ya wateja wetu wa sasa anayepata bei ya chini? Ametupunguzia kazi gani?
3. Bei ambayo hatutashuka chini yake hata tukilia njaa ni ipi? Nani ana ruhusa ya kuibadilisha?
4. Mteja mkubwa akiagiza vyondo 100 kesho, tuna mikono ya kutosha?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aandike saa anazosuka kwa wiki moja, hata zile za njiani. Mweka hazina azijumlishe. Tarakimu hiyo ndiyo itakayoingia katika mstari wa nne wa hesabu yenu, na ndiyo itakayowalinda broka akija na bei yake. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jasho la msukaji nalo liandikwe.